Maneno Aliyomwambia Mama Sejal

Ndeti alikuwa mkataji wa vitambaa katika duka la sare za shule pale Parklands, Nairobi, na kwa miaka kumi na minne hakuna mzazi aliyewahi kurudisha sketi iliyopita mikononi mwake. Washonaji walikuwa wanne, wameketi kwenye cherehani zao nyuma ya duka, lakini meza ya kukatia ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake. Alikuwa akitandaza kitambaa tabaka nane, anapiga chaki, anainama, na mkasi unakwenda kama mtu aendaye kwao.

Duka lilikuwa la Chanchal, mjane wa Kigujarati wa miaka sitini na tisa, mwanamke mfupi ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Lakini hakuna aliyemwita Chanchal. Wateja, mafundi, hata askari wa benki ya jirani, wote walimwita Mama Sejal, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa Kanada. Yeye ndiye aliyemtoa Ndeti kwenye kufagia vipande na kufunga vifurushi, akamfundisha kazi, na tangu hapo akawa anamwita dikri, yaani binti kwa lugha yake.

Kila siku saa nne walikunywa chai ya tangawizi katika kichumba cha nyuma, wawili peke yao. Humo ndimo Mama Sejal alimosimulia mambo ambayo hakuyasema penginepo: kwamba Sejal hajakanyaga Nairobi kwa miaka saba; kwamba waligombana juu ya mwanamume ambaye binti alitaka kuolewa naye.

"Nilimwambia akitoka asirudi," alisema siku moja huku akikoroga chai. "Na mtoto akanitii. Mara ya kwanza kunitii maishani."

Akacheka. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Ugonjwa wa Ndeti ulianzia kwenye jicho. Mwezi wa Julai jicho la kushoto lilififia, akawa anaona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa plastiki. Likapona lenyewe. Mwezi mmoja baadaye miguu ikafa ganzi kuanzia nyayo hadi magotini, kama amevaa soksi zilizolowa ambazo hazivuliki. Alitumwa hapa na pale mpaka akafikishwa hospitalini Upper Hill, akaingizwa kwenye mtambo wa kupiga picha za ubongo, na daktari akamwonyesha madoa meupe kwenye kioo. Aliuita ugonjwa huo kwa herufi mbili, MS. Akaeleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, inatafuna utando unaofunika neva. Kuponywa hauponywi, akasema, ila zipo dawa za kuupunguza mwendo.

Ndeti alikuwa na miaka thelathini na minane. Alichouliza ni kimoja tu: kama mikono nayo itakufa ganzi. Daktari alisema hawezi kuahidi, na ndiyo maana wanataka kuanza dawa mapema.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano ya kujidunga chini ya ngozi kila baada ya siku moja. Aliyemfundisha alikuwa nesi aitwaye Waithaka, mtu mpole mwenye sauti nzito. Alimwonyesha kwenye kipande cha sponji jinsi ya kushika ngozi, jinsi ya kuhamisha sehemu, leo paja, keshokutwa tumbo. Akamwambia atarajie homa kama ya mafua kwa wiki za kwanza, ameze Panadol nusu saa kabla, na ajidunge jioni ili usumbufu umkute amepumzika.

"Na kuna kitu kingine," Waithaka akasema, akiweka kidole kwenye ukurasa wa pili wa karatasi ya maelezo. "Kwa watu wengine hii dawa inashusha roho. Unaweza kupata huzuni bila sababu, ama hasira. Ikikupata usingoje siku ya kliniki, nipigie simu. Halafu mwambie mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini. Wao wataona kabla wewe hujaona."

Ndeti aliitikia, akaikunja karatasi. Alikuwa tayari ameshaonekana anavyoburura miguu. Hakutaka sasa aanze kuangaliwa kama maziwa jikoni yanayongojewa kufurika. Mumewe, Mbaluka, alimweleza habari za homa. Mama Sejal naye, alipouliza dawa inafanya nini mwilini, alijibiwa hivyo hivyo.

"Homa tu?"

"Homa tu, Mama Sejal."

Homa haikuchelewa. Wiki tatu za kwanza Ndeti alitetemeka hadi meno yakagongana, na Mbaluka akamfunika mablanketi yote ya nyumba yao ya Jamhuri. Mifupa ilimuuma kama amebeba magunia. Kila alipojidunga palibaki doa jekundu lenye joto, pana kama kifuniko cha mkebe. Lakini alikuwa mtu wa mikono, na mtu wa mikono hujifunza. Akagundua kwamba akila kwanza homa hupungua. Akagundua kwamba sindano ikitolewa kwenye friji ikakaa mezani kidogo, haichomi sana. Alikuwa na kitambaa kilichowekwa barafu, na daftari dogo la kuandika ni wapi alijidunga mara ya mwisho. Kufikia katikati ya Desemba homa ilikuwa imebaki mzizimo wa saa moja, na Ndeti akajipongeza kwamba ameshinda.

Hakujua kwamba kile kingine kilikuwa kimeingia bila kubisha.

Kilianza kwa mambo madogo. Mbaluka akila, sauti ya kutafuna kwake ilimuudhi mpaka akahamia chumba kingine na sahani yake. Kanisani kwaya ilipoimba, alitokwa na machozi ambayo hayakuwa ya furaha wala ya huzuni anayoijua. Krismasi, wageni walipojaa sebuleni, alijifungia bafuni akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka wakaanza kumtafuta.

"Kwani nimekukosea nini?" Mbaluka alimuuliza siku hiyo, wageni walipokwisha kuondoka.

"Hujanikosea. Nimechoka."

Namba ya Waithaka ilikuwa kwenye simu. Mara mbili aliifungua, akaitazama, akaizima. Angemwambia nini? Kwamba mume wake anatafuna kwa sauti?

Dukani, Mama Sejal alizidi kumsogelea. Asubuhi za baada ya sindano alikuja na chupa ya khichdi, wali uliopikwa laini na dengu, kwa kuwa aliona tumbo la Ndeti halikubali chakula kizito. Alinunua kiti kirefu chenye mgongo ili akate akiwa ameketi. Alikuwa anapita nyuma yake mara kwa mara, anamuuliza, umekula, umelala, miguu inasema nini leo. Zamani Ndeti angecheka. Sasa kila swali lilikuwa kama kamba inayokazwa shingoni, na alijibu kwa neno moja moja, na akachukia kujibu kwenyewe.

Ikaja Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Anayejua duka la sare anaijua siku hiyo. Wazazi walisongamana hadi barazani, kila mmoja na orodha yake, watoto wakivuliwa na kuvishwa katikati ya watu. Ndeti alijidunga jioni iliyotangulia na kuamka kichwa kizito kama kimejazwa mchanga. Alikata tangu saa moja. Mnamo saa tano Maina, fundi wa cherehani ya kwanza, alisimama akaja na sketi moja mkononi. Aliilaza juu ya meza na kuonyesha kiunoni. Mstari ulikuwa umekwenda upande, inchi nzima. Ndeti akazifunua zilizobaki. Zote nane zilikuwa hivyo hivyo, zimeharibika.

Alikuwa bado anazitazama Mama Sejal alipofika. Mwanamke yule hakusema lolote juu ya kitambaa. Aliweka mkono wake juu ya mkasi, taratibu, akanong'ona, "Dikri, leo pumzika. Mimi nitakata."

Ndeti akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, kubwa na safi, haina hata mtetemo.

"Usiniite hivyo. Mimi si binti yako. Wako alikutoroka, na sasa nimeelewa kwa nini. Unawakaba watu, Mama Sejal. Unawakaba mpaka wanatafuta ndege."

Baba mmoja aliyekuwa akimpimia msichana wake sweta aliacha mikono ya sweta ining'inie hewani. Cherehani zote zilikuwa zimesimama.

Mama Sejal aliuondoa mkono wake juu ya mkasi. Uso wake haukubadilika. Ni shingo tu iliyoonekana kuwa nyembamba ghafla. "Sawa," akasema. Kisha akamgeukia yule baba. "Hiyo ni namba thelathini, itambana. Jaribu thelathini na mbili."

Hilo ndilo Ndeti alilolikumbuka kuliko yote baadaye, jinsi Mama Sejal alivyoendelea kuhudumia wateja. Yeye alichukua mkoba wake akapita katikati ya wazazi waliompisha njia kama anayepitisha kitu cha moto, na hakukumbuka vizuri alivyofika Jamhuri.

Hakurudi kazini Jumatatu, wala Jumatatu iliyofuata. Alikaa kitandani mchana kutwa ameelekeza uso ukutani. Sindano aliendelea kujidunga, kwa uaminifu, kila baada ya siku moja, maana hilo ndilo jambo pekee aliloona bado anaweza kulifanya sawasawa.

Mbaluka ndiye aliyeifumania karatasi. Alikuwa akipangua friji asubuhi moja kutafuta mayai, akaikuta imekunjwa nyuma ya maboksi ya sindano. Aliisoma akiwa amesimama, mlango wa friji wazi. Akaja nayo chumbani.

"Ndeti. Hii ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

Ndeti alitegemea ukali. Badala yake Mbaluka aliketi ukingoni mwa kitanda, akaitandaza karatasi gotini na kuilainisha mikunjo kwa kiganja.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema. "Tangu Desemba nimekuwa nikijiuliza nitaenda kukaa wapi."

Ndeti aligeuka akamwangalia. Alikuwa amekonda, na yeye hakuwa ameona. Akataka kusema pole, lakini neno hilo lilionekana dogo mno kwa miezi miwili, akashika mkono wake tu.

Waithaka alipopigiwa simu hakulaumu. Aliuliza maswali kadhaa, moja likiwa kama Ndeti amewahi kufikiria kujidhuru, na kesho yake asubuhi na mapema walikuwa Upper Hill. Daktari alisimamisha sindano zile. Akamwelekeza kwa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na baada ya vipimo vya damu akamhamishia dawa nyingine, ya dripu, inayotolewa mara moja kila miezi sita. Dripu nayo ilikuwa na yake: koo lilimwasha, uso ukamchonyota, wakapunguza mwendo wa matone, na siku mbili zilizofuata alilala kama gogo. Lakini hayo yalikuwa maudhi ya mwili, na ya mwili aliyaweza.

Wiki zikapita. Asubuhi moja ya Machi walikuwa wakinywa chai na viazi vitamu, na Ndeti akagundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akimsikia Mbaluka akitafuna. Alikuwa anatafuna kama alivyotafuna siku zote, na hilo halikumkera. Alicheka peke yake, Mbaluka akauliza kuna nini, akasema hakuna.

Ndipo lile la dukani likamrudia lote. Wakati ule wa ukungu alilikumbuka kama jambo la mtu mwingine. Sasa liliingia na kila kitu chake, chaki, joto la watu, uzito wa ule mkono juu ya mkasi. Mara nyingi akiosha vyombo alisimama katikati ya kazi, maji yakitiririka.

"Mwambie ilikuwa dawa," Mbaluka alimshauri. "Mimi nilimpigia nikamweleza ulipokuwa mgonjwa. Anajua. Ataelewa."

Ndeti akapiga moyo konde, akaenda siku ya Jumanne, saa ambayo wateja huwa wachache. Mama Sejal alikuwa kwenye meza ya kukatia mwenyewe, ameinama, miwani imemteremka puani. Alimwona, akaweka mkasi chini, akamtaka aketi. Kikombe cha chai kikaletwa. Alimuuliza habari za miguu, za jicho, za Mbaluka, kwa adabu ile aliyowapa wageni.

"Mama Sejal," Ndeti akaanza, na jina lenyewe likawa zito, kwa maana hangeweza kulitamka bila kumtaja yule binti. "Nimekuja kuomba msamaha. Siku ile sikuwa mimi. Ilikuwa ile dawa. Nesi aliniambia mapema kwamba inaweza kuleta hasira, na nikakuficha. Nilikwambia homa tu. Hapo ndipo nilipokosea kwanza."

Mama Sejal alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbaluka aliponiambia ni dawa, nilifurahi," alisema. "Siku tatu nilifurahi. Nilisema, haya basi, si Ndeti. Halafu siku ya nne nikaanza kufikiria." Akageuza kikombe chake kwenye kisahani. "Mimi pia, Sejal alipokwenda, nilimpigia simu nikamwambia ilikuwa hasira. Unajua alinijibu nini? Hasira haijui Kigujarati, Mama. Ni wewe uliyesema."

Ndeti aliweka kikombe chake chini.

"Hasira nakubali ililetwa na sindano," Mama Sejal akaendelea. "Lakini sindano haimjui Sejal. Haikukaa kule ndani kunywa chai na mimi. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usiniogope. Ulikuwa umeyafikiria yale maneno kabla ya dawa?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Mbaluka angesema hapana. Hata mshauri wake, pengine, angemwambia asijitwishe mzigo. Ndeti akaukumbuka mchana mmoja wa zamani, Mama Sejal yuko kwenye simu na Kanada, anauliza swali juu ya swali, umekula, umelala, nani yuko hapo na wewe, na kule upande wa pili kimya. Na yeye Ndeti, akiwa mezani na chaki yake, akajisemea moyoni kwamba hata yeye angekimbia. Wazo la nukta moja. Alikuwa amelipuuza likaenda.

"Niliyafikiria," alisema. "Mara moja. Miaka mingi iliyopita."

Mama Sejal akatikisa kichwa polepole, kama anayethibitishiwa kipimo alichokuwa amekwisha kukipima.

"Asante kwa kutonidanganya," alisema. Akauchukua mkasi tena. "Njoo Jumatatu. Mimi nimezeeka, mistari yangu inapinda."

Kwa hiyo Ndeti alirudi, siku tatu kwa wiki, kwenye kile kiti chenye mgongo. Mikono ilikuwa salama, na sketi zikarudi kuwa nyoofu. Mama Sejal hakumnunia hata siku moja, wala hakumkumbusha. Ila alimwita Ndeti sasa, jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Chai ya saa nne ililetwa kwenye sinia, kila mtu alipo, na kile kichumba cha nyuma kikajazwa marobota ya vitambaa. Hakumuuliza tena kama amekula. Kulikuwa na asubuhi ambazo Ndeti alikuja bila kula kitu, akaketi akingoja aulizwe, na Mama Sejal akapita nyuma yake kimya na orodha yake mkononi. Alikuwa amepewa alichokidai. Hakuna aliyekuwa akimkaba.

Mwezi wa Septemba alirudi Upper Hill kwa dripu ya pili. Kiti cha kando yake kilikuwa na dada mmoja wa Kisikh, mwalimu wa chekechea aitwaye Harleen, miaka ishirini na sita, amekuja kufundishwa zile sindano za kila baada ya siku moja. Waithaka aliwajulisha, akasema, "Huyu amezipitia. Muulize chochote," akaenda zake.

Ndeti akamweleza yote anayoyajua. Kula kwanza. Panadol kabla. Itoe kwenye friji mapema. Barafu baadaye, na andika ulipodunga, kwa sababu utasahau. Harleen aliandika kila neno kwenye simu yake. Kisha akafikia ukurasa wa pili wa karatasi, akashusha sauti.

"Na hii ya roho? Ni kweli, ama wanaandika tu?"

"Si kila mtu. Wewe pengine haitakugusa. Lakini mwambie mtu kabla ya sindano ya kwanza. Nyumbani, na pia kazini. Mwambie hivi: ukiniona nimebadilika, niambie, na ukisikia nakutukana, nipeleke kwa nesi."

"Kazini naona aibu."

"Najua."

"Wewe ulimwambia nani?"

"Sikumwambia. Nikampoteza."

Harleen akaweka mkono kifuani. "Pole sana. Alifariki?"

"Hapana," Ndeti akasema. "Yuko. Kesho saa mbili asubuhi nitamkuta dukani."

Harleen alimwangalia akingoja aendelee, lakini Ndeti alikuwa ameelekeza macho kwenye matone yanayoshuka. Waithaka akarudi kuangalia mpira wa dripu, akamuuliza kama koo linawasha.

"Kidogo," akasema Ndeti. "Punguza tu mwendo."